Kengele ya Kazi na Kengele ya Kupumzika: Tuchague Vipi Kipima Muda cha Simu?



Mwezi huu hatutazungumzia vidudu wala dawa. Tutazungumzia uchovu wa akili, macho na mgongo, na kifaa kidogo ambacho kikitumiwa vizuri hupunguza uchovu huo, na kikitumiwa vibaya huuongeza.

Mama mmoja wa Nyantakara, wilayani Biharamulo, ametuandikia barua. Binti yake yuko kidato cha nne katika shule ya kutwa na atafanya mtihani wake wa taifa mwezi Novemba. Kila jioni binti huchukua simu ya mama, hukaa nayo mezani tangu saa mbili usiku hadi saa sita, na akiulizwa hujibu kwamba anasoma. Lakini alama zake zinashuka. Asubuhi macho ni mekundu na kichwa kinamuuma. Sasa binti amemwambia mama kwamba ziko programu za simu zinazopima muda wa kusoma, na kwamba akiwekewa moja atasoma vizuri zaidi. Mama anauliza: “Je, niweke hiyo programu, au nimnyang’anye simu kabisa?” Mwishoni mwa barua, kama jambo dogo tu, anaongeza kwamba yeye mwenyewe ni fundi cherehani, na kwamba msimu wa kushona sare za shule hukaa kwenye cherehani mpaka mgongo unakufa ganzi.

Tunamshukuru mama huyu. Ameuliza swali moja, lakini barua yake ina wagonjwa wawili. Tutajaribu kuwajibu wote wawili.

AKILI HUCHOKAJE?

Mkulima anajua mkono unavyochoka. Ukilima tangu alfajiri bila kupumzika, jembe linaanza kupiga juu juu, magugu yanabaki, na mwishowe unajikata mguu. Akili nayo huchoka namna hiyo, ila haitoi jasho, kwa hiyo mwenye nayo hatambui mapema. Dalili zake ni hizi: unasoma mstari uleule mara tatu bila kuuelewa, unakosea hesabu ndogo, unakasirika upesi, na mkono unaanza kutafuta simu wenyewe, bila wewe kuamua.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo yenye hatari kubwa siku hizi. Akili iliyochoka hutafuta kitu chepesi, na simu imejaa vitu vyepesi: ujumbe, picha, video fupi, vichekesho. Mwanafunzi anasema, “Nitaangalia dakika moja tu.” Dakika moja inakuwa ishirini. Kisha anarudi kwenye daftari akiwa hakumbuki alipoishia. Watafiti wa Marekani na Ujerumani walionyesha mwaka 2008 kwamba watu wanaokatizwa kazini hujitahidi kufidia kwa kufanya haraka zaidi, lakini hulipa gharama yake kwa msongo wa mawazo na shinikizo kubwa zaidi. Hivyo saa nne za kukaa mezani na simu si saa nne za kusoma. Mwili umekesha saa nne, lakini kichwa huenda kimesoma saa moja tu.

NGWE ZA DAKIKA

Wazee wetu hawakulima shamba zima kwa mara moja. Walikata ngwe. Mtu alipewa ngwe yake, akailima mpaka mwisho, akanyoosha mgongo, akanywa maji, ndipo akaanza nyingine. Ngwe ina faida mbili: mwisho wake unaonekana, kwa hiyo moyo haukati tamaa; na ikiisha, una haki ya kupumzika bila kuona aibu.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Italia, Francesco Cirillo, alikuwa na shida kama ya binti yetu. Alikaa na vitabu lakini hakusoma. Akajiwekea changamoto ndogo: asome kweli kweli kwa dakika chache tu bila kuacha. Ili asijidanganye, alichukua saa ya jikoni ya kupimia mapishi, yenye umbo la nyanya, akaizungusha, akasoma mpaka ilipolia. Kutokana na saa hiyo akatengeneza utaratibu ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina la Pomodoro, yaani “nyanya” kwa Kiitaliano.

Utaratibu wenyewe ni rahisi:

1. Chagua kazi moja tu.
2. Weka saa ilie baada ya dakika 25.
3. Fanya kazi hiyo mpaka kengele ilie. Wazo jingine likija, liandike kwenye karatasi pembeni, kisha endelea.
4. Kengele ikilia, pumzika dakika 5.
5. Baada ya ngwe nne, pumzika zaidi: dakika 15 hadi 30.

Sisi tuliokulia karibu na kanisa hatupaswi kushangaa sana. Kengele ya Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, imemsimamisha mkulima shambani na fundi kwenye benchi lake kwa vizazi vingi. Mtakatifu Benedikto naye, katika karne ya 6, aliwagawia wamonaki wake siku kwa saa za sala, za kazi za mikono na za kusoma, ili jambo moja lisimeze mengine yote.

Je, utaratibu huu unasaidia kweli? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi waliopumzika kwa ratiba iliyopangwa na wale waliopumzika walipojisikia. Waliojipangia wenyewe walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kupumzika, wakachoka zaidi, na mawazo yao yakatangatanga zaidi. Waliofuata ratiba walimaliza kazi inayokaribiana na ya wenzao kwa muda mfupi zaidi. Kumbe ratiba haikuwafanya kuwa na akili nyingi kuliko wenzao. Iliwapunguzia uchovu na kuwaokolea muda, na huo ndio ukweli wa kipimo hiki. Asiyeelewa somo hataeleweshwa na kengele, atahitaji mwalimu. Lakini anayeelewa na kuchoka bure atasaidika.

JE, UNAHITAJI PROGRAMU?

Kabla ya kupakua chochote, jiulize swali hili. Kinachofanya kazi ni kengele na uamuzi wako. Programu ni chombo tu cha kubebea kengele hiyo.

Saa ya mezani yenye kengele inatosha. Saa ya jikoni ya kuzungusha inatosha. Simu ya kitochi ina kengele ya kuamshia, na baadhi zina kipima muda pia. Na kila simu janja inapotoka dukani tayari ina saa, na ndani ya saa hiyo kuna kipima muda: unaandika dakika 25, unabonyeza, inahesabu kurudi nyuma hadi sifuri, inalia. Haihitaji bando, haina matangazo, haikuulizi jina. Mtu anayeanza tunamshauri aanze na hiyo kwa wiki mbili nzima.

Tena kuna faida ndogo kwetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Simu ikiandika 20:00, mzee anapaswa kukumbuka kwamba hiyo ni saa mbili usiku, na wengine hukosea wanapotega kengele. Kipima muda hakina shida hiyo. Dakika 25 ni dakika 25, kwa saa ya Kiswahili na kwa saa ya Kizungu.

Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu shuleni. Kwa hiyo mwanafunzi wa bweni atumie saa ya mkononi au ya mezani, na asijione amepungukiwa.

MAMBO SABA YA KUANGALIA

Hata hivyo, wapo ambao programu maalumu huwasaidia: mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha, karani wa zahanati mwenye takwimu za mwezi, mwanachuo anayesoma kwa njia ya mtandao. Kama uko miongoni mwao, pima programu kwa mambo haya saba kabla ya kuiamini.

1. Ifanye kazi bila mtandao. Kuhesabu dakika hakuhitaji intaneti. Zima data, kisha ujaribu. Programu inayokataa kuhesabu bila data itakulazimisha kuwasha data, na data ikiwaka, ujumbe wote unaingia. Ni sawa na kuajiri mlinzi anayefungua lango.

2. Ilie hata kioo kikiwa kimezima. Simu nyingi huzisimamisha programu zisizoonekana kwenye kioo ili kuokoa chaji. Hapo kengele hailii, nawe unaendelea kusubiri. Jaribu kwanza: weka dakika 3, zima kioo, weka simu mbali, usubiri. Isipolia, tafuta kwenye mipangilio ya betri uiruhusu kufanya kazi muda wote. Ikishindikana, iache. Kwa wenzetu wanaochajia simu kwenye sola au dukani kwa malipo, programu inayolazimisha kioo kuwaka muda wote haifai.

3. Ikuruhusu kubadilisha dakika. Dakika 25 si amri ya mbinguni. Mtoto wa darasa la nne atatosheka na 10 au 15. Fundi wa kushona huenda akahitaji 30. Anayeandika ripoti ndefu huenda akapenda 40 au 50, mradi mapumziko nayo yaongezwe.

4. Ihesabu mapumziko pia. Hili wengi hulisahau. Programu inayohesabu kazi peke yake inakuacha upumzike mpaka usiku, au usipumzike kabisa. Nzuri ni ile yenye kengele mbili: ya kuacha na ya kurudi.

5. Iwe kimya na sahili. Ngwe ikianza, ukurasa uwe na namba tu. Programu yenye matangazo katikati inaharibu kazi uliyoipa. Angalia hasa matangazo ya michezo ya kubahatisha, ambayo hayafai kabisa mbele ya mtoto.

6. Isiombe yasiyoihusu. Kipima muda kinahitaji ruhusa ya kulia na kukuonyesha taarifa. Hakihitaji orodha ya namba za ndugu zako, ujumbe wako, kamera wala mahali ulipo. Ikiomba hayo, kataa; iking’ang’ania, ifute. Tusidharau jambo hili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Wakopaji wengi wa programu za namna hiyo walilalamika kwamba namba za jamaa zao zilichukuliwa na kutumiwa kuwaaibisha. Hizo zilikuwa za mikopo, lakini funzo ni lilelile: namba za watu wako ni amana.

7. Isikudai fedha kabla hujaijua. Tumia ya bure kwa mwezi mmoja. Programu nyingi hutoza kwa mwezi au kwa mwaka, na malipo huendelea kukatwa mpaka uyasimamishe mwenyewe. Soma masharti kabla ya kubonyeza.

Kwa mfano, iko programu iitwayo Forest, iliyotoka mwaka 2014. Ukianza ngwe, mche unapandwa kwenye kioo na kukua kadiri dakika zinavyopita. Ukitoka kwenda kuchungulia programu nyingine, mche unakufa. Wenye programu hiyo wamekuwa wakishirikiana na shirika la Trees for the Future, linalopanda miti halisi katika nchi za Afrika. Vijana wengi huipenda kwa sababu huona huruma kuua mche. Iko nyingine, Focus To-Do, inayounganisha kipima muda na orodha ya kazi za siku. Inamfaa mtu mwenye mambo mengi. Zote zipimwe kwa yale mambo saba, maana masharti na bei hubadilika. Na kwa aliye Nyantakara, mwenye ardhi na jembe, hakuna kinachomzuia kupanda mparachichi wa kweli nyuma ya nyumba kila amalizapo mwezi wa kusoma vizuri.

SIMU IKAE WAPI?

Hapa ndipo penye fumbo la mambo yote haya. Mlinzi tuliyemwajiri anaishi nyumba moja na mwizi. Kengele iko kwenye simu, na kishawishi kiko kwenye simu hiyohiyo.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapa watu majaribio ya akili. Wengine simu zao zilikuwa mezani, wengine mfukoni au kwenye mkoba, wengine chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zilikuwa chumba kingine, ingawa simu zote zilikuwa zimenyamazishwa. Baadhi ya waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata tofauti kubwa kama hiyo, kwa hiyo tusilitangaze kama sheria. Lakini kila mzazi anajua kwa macho yake kwamba simu iliyo mkononi hufunguliwa, na iliyo juu ya kabati husubiri.

Ushauri wetu ni huu: anza kuhesabu, zima data, washa hali ya kutosumbuliwa, geuza simu kifudifudi, kisha uiweke mahali ambapo ni lazima usimame na kutembea hatua tano ndipo uizime ikilia. Hatua hizo tano zina faida mbili. Zinakuzuia kuichungulia, na kengele ikilia zinakulazimisha kunyanyuka, jambo ambalo mgongo wako umekuwa ukiliomba.

DAKIKA TANO ZITUMIKEJE?

Wengi hufanya kazi dakika 25 vizuri, halafu dakika 5 za kupumzika huzitumia kutazama simu. Huko si kupumzika, maana macho ni yaleyale, shingo ni ileile, na akili imebadilishiwa mzigo tu. Pumziko la kweli ni hili:

Macho. Tunapokodolea kioo au maandishi tunapepesa macho mara chache kuliko kawaida, na macho yanakauka, yanawasha na kuwa mekundu. Toka nje, tazama mbali: mlima, mti, nyota. Pepesa macho mara nyingi. Madaktari wa macho hushauri pia kwamba, katikati ya kazi ya kioo, kila baada ya dakika 20 uinue macho na kutazama kitu kilicho mbali hatua kama nane kwa sekunde 20.

Mgongo na shingo. Simama. Nyoosha mikono juu, zungusha mabega, tembea mpaka kisimani au mpaka kwa jirani na kurudi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wapunguze muda wa kukaa tu, na kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kulima na kuteka maji ni mazoezi. Kukaa kwenye cherehani kutwa si mazoezi, hata kama miguu inakanyaga.

Maji. Kunywa maji safi. Kichwa kinachouma jioni mara nyingine ni kiu tu.

Akili. Usianze kazi nyingine wala mabishano. Ota moto wa jikoni, msalimie bibi, msikilize ndege. Akili hupanga ilichosoma pale inapoachwa kwa amani.

TAHADHARI

Kwanza, kengele haichukui nafasi ya usingizi. Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mtu mzima asipungukiwe na saa 7. Wakati wa usingizi ndipo ubongo unapohifadhi yale tuliyojifunza mchana. Mwanafunzi anayekesha anajaza maji kwenye mtungi wenye ufa. Mwanga wa kioo usiku nao huuchelewesha usingizi, kwa hiyo simu iwekwe kando saa moja kabla ya kulala.

Pili, mwenye kifafa asikeshe kwa sababu yoyote, maana kukosa usingizi huweza kuamsha degedege. Mama mjamzito anayefanya kazi ya kukaa apunguze ngwe zake na anyanyuke mara nyingi zaidi.

Tatu, anayetumia mashine, mkasi mkubwa au moto achague mlio wa taratibu. Kengele ya kushtua inaweza kumkata kidole. Na ikilia katikati ya mshono, amalize mshono ndipo anyanyuke.

Nne, ziko kazi ambazo hazikatwi kwa ngwe: kunyonyesha mtoto, kumhudumia mgonjwa, kumsikiliza aliyekuja na msiba. Huko saa ikae kimya.

Na tukiwa bado kwenye kengele, wale wanaomeza dawa za kila siku, za kifua kikuu, za shinikizo la damu au za kufubaza virusi vya UKIMWI, watumie simu hiyohiyo kuwakumbusha saa ya dawa.

JIBU LETU KWA MAMA WA NYANTAKARA

Mama yetu, usimnyang’anye simu kwa hasira, wala usiweke programu mpya leo. Kaeni pamoja na binti yako, mpange jioni namna hii.

Saa mbili kamili usiku vyombo vimeoshwa. Kipima muda cha simu kinawekwa dakika 25, data inazimwa, simu inawekwa juu ya kabati, upande wako wewe. Binti anasoma somo moja. Saa 2:25 inalia, wote wawili mnanyanyuka. Saa 2:30 ngwe ya pili, saa 3:00 ya tatu, saa 3:30 ya nne. Saa 3:55 kazi imekwisha. Saa nne awe kitandani, na akiamka saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amelala saa nane. Hizo ngwe nne ni dakika 100 za kusoma kweli, na tunathubutu kusema zitazidi zile saa nne za kukaa na simu. Kama anahitaji simu kutafuta jambo la somo, aandike maswali yake kwenye karatasi, kisha yatafutwe yote kwa pamoja jioni mapema, kabla ya ngwe ya kwanza, wewe ukiwepo.

Ngwe ziandikwe ukutani kwa chaki au kwenye karatasi: mstari mmoja kwa kila ngwe iliyotimia. Baada ya wiki mbili hesabuni. Mkiona inasaidia na binti bado anataka programu, chagueni moja pamoja kwa yale mambo saba.

Macho na kichwa usivipuuze. Mpeleke zahanati apimwe. Kichwa kuuma huweza kutokana na simu, lakini hapa kwetu malaria ipo, na haipimwi kwa kukisia. Ikionekana kwamba haoni vizuri ubaoni, apelekwe hospitali kwa mtaalamu wa macho. Miwani imeokoa wanafunzi wengi waliodhaniwa kuwa wavivu. Taa anayosomea iwe karibu na daftari. Mwanga hafifu hauharibu macho moja kwa moja, ila huyachosha.

Sasa, mama, zamu yako. Umetuandikia habari za mtoto kwa kurasa mbili na za mgongo wako kwa mstari mmoja. Kengele hiyohiyo ni yako pia. Binti anaposoma nawe ukiwa kwenye cherehani, ikilia kwake imelia na kwako. Simama, nyoosha mgongo, tokeni wote nje mtazame mbali. Huenda ukadhani unapoteza dakika tano na wateja wanasubiri sare. Lakini mshono uliofumuliwa kwa sababu ya uchovu unakula muda zaidi ya huo. Ganzi ikiendelea, au ikishuka miguuni, usingoje msimu uishe. Nenda ukaonane na daktari.

Tena kuna faida ambayo hukuiuliza. Mtoto hujifunza kwa kuona kuliko kwa kuambiwa. Akimwona mama yake anaacha kazi kengele inapolia na kuirudia inapolia tena, hatahitaji programu ya kumkumbusha.

Wapenzi wasomaji, Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Dakika 25 ni haba, lakini zikikusanywa kila jioni mpaka Novemba hujaza kibaba kikubwa. Tunawatakia wanafunzi wote wa Ngara na Biharamulo masomo mema, na mafundi wetu migongo yenye nguvu. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.